Aliyeifunika Jeli kwa Blanketi

Alizaliwa wapi na watu wake ni akina nani, sijui, na sidhani kama angefurahi nianzie huko. Sisi wanafunzi tulimwita Mama Maabara. Kwenye karatasi za shule, hapa Tarime, cheo chake kilikuwa mhudumu wa maabara, na karatasi hizo zilimweka ukurasa mmoja na mpishi na mlinzi. Nimemfahamu miaka kumi na moja. Nikihesabu watu walionifundisha kitu ambacho hakijanitoka kichwani, namkuta yeye kabla ya walimu wote, ingawa hakuwahi kushika chaki mbele ya darasa.

Namwandika kwa sababu kuna sentensi moja niliyoiandika katika ripoti yangu ya mwaka wa mwisho chuoni ambayo si ya kweli. Inamhusu yeye, na jina lake halimo. Msimamizi wangu aliipenda ripoti ile, akataka tuitoe kama makala kwenye jarida la kisayansi. Makala hiyo ndiyo ingenipa nafasi ya kuendelea na masomo. Alinipa wiki mbili za kusahihisha, na wiki hizo sikusahihisha hata nukta moja. Nilikuwa nakaa na ile sentensi tu.

Kwanza mikono yake. Ilikuwa mikubwa kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa kimo chake, na ngozi ya vidole ilikuwa imekakamaa kwa asidi na kostiki za miaka mingi. Kwa mikono hiyo aliosha neli za vioo kwa upole ambao sijauona kwa mtu mwingine. Akimaliza aliinua neli kuelekea dirishani. Tone moja likibaki limening'inia ndani, alirudia kuosha. Wanafunzi waliona ni kujisumbua. Mimi nilihisi ananisema mimi, kwa sababu kila jambo wakati ule nilihisi linanisema mimi.

Maneno yake yalikuwa machache. Ukimwambia jambo ulilolisoma kitabuni, alikuuliza, "Nani amekuambia?" Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua kama umeliona kwa macho yako. Siku moja, nikiwa kidato cha pili, nilimwambia kwamba jeli ni kimiminika kilichonaswa ndani ya wavu wa minyororo mirefu, na wavu huo hauonekani kwa macho. Akaniuliza nani ameniambia. Nikasema kitabu. Kesho yake alikuja na sufuria ya kongoro.

Kila mtu wa huku anaijua supu ya kongoro. Miguu ya ng'ombe ikichemka mpaka ngozi na mishipa ilainike, supu yake ikilala, asubuhi unaikuta imeganda. Inatikisika lakini haimwagiki. Mama Maabara alikuwa ameichuja mara tatu, haina mafuta wala mfupa. Akaikata kipande kama cha sabuni, akanipa nikivute. Kilivutika kidogo, kisha kikakatika ghafla, pande mbili laini kama maini. "Huo ndio wavu wako," alisema. "Umeuona unavyokatika."

Alikuwa na sababu ya kuichezea ile supu. Karibu na shule kulikuwa na chuo cha wauguzi, na wanafunzi wake walijifunza kushona majeraha kwa kutumia ngozi ya mbuzi. Siku ya kwanza ngozi inafaa. Siku ya tatu hakuna anayetaka kuikaribia. Mwalimu wao, mama mmoja mpole, alikuja kumwuliza mwalimu wetu wa kemia kama kuna kitu kingine kinachoweza kushonwa. Mwalimu wetu alisema atafikiria. Mama Maabara alikuwa pembeni anafuta meza. Aliyefikiria ni yeye.

Jeli ya kongoro peke yake ilishindwa. Sindano iliingia vizuri, ila ukikaza uzi, uzi uliikata jeli mpaka ukatokea upande wa pili. Akajaribu sabuni. Aliipika mwenyewe, mafuta ya ng'ombe na kostiki, kama wanavyopika wanawake wengi wa huku. Sabuni ukiiyeyusha kwenye maji ya moto ikapoa, nayo hushikana, ila mshikano wake ni wa ajabu: inasimama kama kitu kigumu mpaka uiguse, ukiigusa inalegea kama uji. Ndipo akazichanganya mbili kwenye sufuria moja.

Sasa naweza kueleza kilichotokea mle ndani, kwa sababu nimelipiwa ada miaka mitatu ili niweze kukieleza. Jelatini ya miguu ya ng'ombe ni polima, minyororo mirefu inayosokotana ikipoa. Sabuni si mnyororo. Ni molekuli fupi fupi, lakini zikipoa hujipanga zenyewe, moja ubavuni mwa nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi. Kwa hiyo kwenye sufuria ile kulikuwa na nyavu mbili mahali pamoja, mmoja unaonyumbulika na mmoja mkavu. Ukivuta, ule mkavu unakatika kwanza, kidogo kidogo, na kila unapokatika unapunguza nguvu ambayo ingeufikia ule mwingine. Yeye hakuwa na maneno haya. Alikuwa na vipande vitatu juu ya meza na kopo la maziwa lililotobolewa, lenye waya.

Alikilaza kipande juu ya matofali mawili yaliyoachana, akaning'iniza kopo katikati, akamimina maji kikombe baada ya kikombe. Alihesabu kwa Kikurya, taratibu, kana kwamba yuko kanisani. Cha kongoro kilikatika mapema. Kwenye cha sabuni waya ulizama kabla hajamaliza kikombe cha kwanza. Cha mchanganyiko kilipinda, kikashuka, kikaendelea kushika. Idadi ya vikombe aliiandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati la kemikali, mistari tu, bila neno hata moja. Mlango mzima ulijaa mistari. Aliielewa yote.

Kilichomsumbua ni kwamba mchanganyiko ule ule leo ulishika, kesho ulikatika. Alibadili sabuni, akabadili miguu, akaenda hadi kwa muuza nyama mwingine. Miezi ilipita. Halafu akagundua kwamba sufuria zilizotoka vizuri ni zile alizozikuta asubuhi karibu na jiko lenye majivu ya moto. Zilikuwa zimechelewa kupoa. Akaleta blanketi kutoka nyumbani, la kijivu, akaifunika sufuria pande zote, akaiweka kwenye kona na kukataza mtu asiisogeze mpaka kesho. Kuanzia hapo haikukatika tena.

Blanketi lile lilileta kisa kimoja ambacho bado kinachekesha walimu. Mwalimu wa zamu, mtu wa kupenda kula, aliingia maabara jioni akaona sufuria imefunikwa vizuri kama chakula cha mgonjwa. Akafunua, akanusa kongoro, akachukua kijiko. Alikula vijiko vitatu kabla sabuni haijajitambulisha. Alitoka anatema povu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Maabara kumwuliza ni chakula gani kile. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa imeshikana?" akamwuliza.

"Nini?"

"Ulipoweka kijiko, ilikuwa imeshikana au bado?"

Mwalimu alikubali kwamba ilikuwa imeshikana. Mama akamshukuru.

Nisimfanye malaika. Alikataza mtu kula au kunywa maabara, na adhabu yake ilikuwa kufagia wiki nzima, lakini chupa yake ya chai ilikaa nyuma ya rafu ya asidi, na sote tulijua. Alitufokea tukikadiria kwa macho, wakati yeye mwenyewe sabuni aliipima kwa kiganja. Niliwahi kukipima kiganja hicho kwa siri. Kila alipomimina kwenye karatasi, nilikimbilia mizani kabla hajageuka. Mara saba. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliishuku mizani. Tena alikuwa mkali bila sababu siku nyingine, hasa kwa wasichana, akisema wanamaliza maji. Kuna msichana wa darasa langu aliyeacha masomo ya sayansi kwa sababu ya ukali huo. Sijui kama Mama aliwahi kujua. Nimewaza mara nyingi kama ningepaswa kumwambia.

Siku ya kupeleka jeli chuoni nilikwenda naye, nikiwa kidato cha tatu, kumfungulia milango na kumwondolea watu njiani. Alibeba beseni kichwani, vipande ishirini vimefunikwa kwa kitambaa kibichi. Mwalimu wetu wa kemia alitangulia. Tulipofika, yule mwalimu wa wauguzi alitupokea vizuri sana, akamshika mkono mwalimu wetu kwa mikono miwili, akamwambia amewaokoa. Kisha akamgeukia Mama Maabara na kumwomba, kwa adabu, aache beseni na asubiri nje, chumba ni kidogo. Mwalimu wetu aliingia bila kugeuka. Mama akatua beseni, akatoka, akakaa kwenye ngazi na kukunja kitambaa chake mara nne.

Mimi nilibaki ndani kwa sababu nilikuwa na sare ya shule. Nilimwona binti mmoja akishona, akakaza uzi, akafunga fundo, na jeli ikashika. Wote wakapiga makofi. Nilitoka nikakuta amekaa vile vile. Nikamwambia imeshika. Akaniuliza nani ameniambia, nikasema nimeona. Akatikisa kichwa kuridhika. Nilikasirika njia nzima ya kurudi, nikaapa moyoni kwamba mimi nisingemfanyia mtu vile.

Sasa niseme nilivyomfanyia.

Chuo kikuu nilichagua mradi wa jeli zilizochanganywa polima na molekuli ndogo. Nilitumia jelatini ya dukani na ile asili ya sabuni inayouzwa kwenye chupa, unga mweupe. Nilikuwa na mashine ya kuvuta, inayochora mchoro wenyewe kwenye kompyuta. Kwa miezi miwili sampuli zangu zilikatika kama biskuti. Nilizipoza kwenye barafu, kwa sababu kila mtu maabara pale alipoza kwenye barafu. Nilikuwa silali vizuri, nikijiuliza kama mashine ni mbovu, kama unga umeharibika, kama nimekosea kuchagua kemia tangu kidato cha kwanza. Ndipo nikakumbuka blanketi. Nilitoa langu kitandani, nikalizungushia chombo, nikakiacha mpaka asubuhi. Mchoro wa siku ile ulipanda mpaka msimamizi wangu akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

Sababu niliipata baadaye kwa darubini. Sabuni hushikana ikiwa bado na moto, jelatini hushikana ikikaribia kupoa kabisa. Ukipoza haraka, zote zinashikana kwa vurugu na nyuzi za sabuni zinabaki fupi. Ukichelewesha, nyuzi zinapata muda wa kurefuka, ndipo jelatini inasokotana katikati yake. Mlolongo huo niliuandika vizuri, na ni wa kweli. Msimamizi akaniuliza wazo la kupoza polepole nimelitoa wapi, kuna rejeo gani. Nikafikiria kumweleza habari za sufuria, kongoro, kabati, mama wa Tarime asiye na cheti cha kidato cha nne. Niliona aibu. Sikuona aibu kwa ajili yake. Nilijionea aibu mwenyewe, kwamba nitaonekana nimetoka jikoni. Nikasema nimelifikiria tu. Akasema basi liandike hivyo. Nikaandika: njia ya kupoza iliyotumika hapa ilibuniwa na mwandishi.

Kabla ya kuamua chochote nilipita shuleni kutafuta ile mistari ya chaki. Nadhani nilitaka ushahidi ulazimishe jambo, ili nisilichague mwenyewe. Kabati lilikuwa limepakwa rangi ya bluu, ndani na nje. Mama alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo aliyebaki anayejua ni mimi peke yangu, na yeye.

Alikuwa amehamia Busawe, kwa binti yake. Nilipanda gari hadi Mugumu, kisha pikipiki, na njiani nilipanga namna tatu za kulisema jambo lile. Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa na ua msafi, na yeye alikuwa kwenye kigoda, ungo wa ulezi mapajani, anachambua mawe. Alikuwa amepungua. Mikono ilikuwa ile ile mikubwa, ila sasa ilitetemeka, na punje zilimtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Boke. Umekonda. Chuo hawakuwapa chakula?"

Aliniuliza habari za wazazi, za mvua ya Tarime, za shule. Nilimwambia kabati limepakwa rangi, akasema lilikuwa linahitaji. Kisha akaangalia bahasha niliyoishika, akaniambia nisome, ila kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chetu kinamchosha.

Nikasoma, nikitafsiri ninavyokwenda. Aliendelea kuchambua. Aliniuliza sabuni nimetumia ipi, nikamweleza habari za unga mweupe wa kwenye chupa, nikarefusha, nikataja na asidi inayotoka kwenye mafuta.

"Basi ni sabuni," alisema.

"Ni sabuni, mama."

Akataka kujua ilibeba kiasi gani. Nikamwambia ilibeba kuliko jelatini peke yake na sabuni peke yake zikijumlishwa. Hapo mikono ilisimama juu ya ungo. Akaniomba nirudie, nikarudia, na nikaona alivyofurahi, furaha ya mtu aliyekuwa akihesabu vikombe na sasa ameletewa jumla. Ningeweza kuishia hapo. Sentensi ile ilikuwa ukurasa unaofuata, na hakuna aliyekuwa ananilazimisha kugeuza. Namna zangu tatu zote zilinitoka kichwani. Nikageuza ukurasa, nikaisoma kama ilivyo.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.

"Mwandishi ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Akarudi kwenye ulezi. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine. Nilianza kueleza, kwamba niliona aibu, kwamba sikupanga, kwamba msimamizi aliuliza ghafla. Aliniacha niongee mpaka maneno yakaisha yenyewe.

"Yule mama wa chuo cha wauguzi hakujua," alisema. "Mwalimu wenu naye hakujua, yeye alikuwa anaona sufuria tu. Wale siwadai. Wewe ulijua."

Akatoa jiwe jingine, akauliza nikisema ukweli watanifanya nini. Nikamwambia sina hakika. Huenda wakaigusa shahada, na nafasi ya masomo inaweza kwenda. Akauliza nisiposema je. Nikajibu kwamba hakuna atakayejua.

"Mimi sikutumi," alisema. "Usije ukasema kesho ni mimi niliyekuharibia. Ukitaka kwenda nazo hizo karatasi kama zilivyo, nenda. Chai utakunywa kwanza."

Alisema hivyo bila ukali wowote, na ndicho kilichonishinda. Nikauliza mtandao unapatikana wapi. Akanyoosha kidole kwenye ghala la mahindi. Nilisimama pale nikampigia msimamizi wangu, nikasema yote bila kupumzika, nikihofia kwamba nikipumzika nitaanza kupunguza. Msimamizi aliuliza kama huyo mama yupo hai na kama anaweza kuandika jina lake. Halafu akasema itabidi aijulishe idara, kwamba kuhusu nafasi ya masomo hawezi tena kuniahidi, na kwamba ukurasa wenye majina sahihi umfikie kabla ya Ijumaa. Hakunifokea. Aliaga kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Nilirudi nikamweleza Mama maneno yale kama yalivyosemwa, na la nafasi ya masomo nikaliweka mwanzoni ili nisije nikalificha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alisema, "Pole." Kisha akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga, akaomba kalamu.

Aliniambia jina lake liandikwe kwenye makala hiyo tu, kwingine nimwache, hataki watu waje kumwuliza mambo. Ndiyo maana hapa halimo. Niliweka ukurasa wa kwanza juu ya kigoda kingine. Juu kabisa lilikuwepo jina langu, limechapwa, na chini yake la msimamizi. Aliliangalia kwa muda, akilifuata kwa kidole herufi kwa herufi.

"Hili ni lako?"

"Ndiyo, mama."

"Likate."

Nikalikata. Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa mstari nilioukata. Alikuwa na majina matatu, na lile la katikati sikuwahi kulisikia kwa miaka kumi na moja. Herufi moja ilichukua muda wa neno zima. Nilipotaka kumshikia karatasi aliusukuma mkono wangu. Alipomaliza aliyasoma yote matatu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akanirudishia kalamu.

"Sasa andika lako," alisema. "Chini."

Nikaandika, chini ya lake.